Jinsi ya kupiga misele Jardins, ushuani kwa São Paulo, bila kuumiza mfuko

Ukipanda Ethiopian kutoka Addis kwenda Brazil hushushwi Rio, unashushwa Guarulhos, uwanja wa São Paulo, na hapo wengi wanaunganisha ndege fasta wakimbilie ufukweni. Mi nasema ukiweza kaa hata siku mbili, na moja kati ya hizo wape Jardins. Ni mtaa wa kishua kwelikweli, matajiri wa enzi na matajiri wa juzi wote wako pale, kwa mtu wa Dar fikiria Masaki ila iweke katikati ya jiji la watu zaidi ya milioni 11 halafu ilaze kwenye mteremko. Na raha yake kubwa haina kiingilio, inataka miguu, viatu vya maana na kujiamini tu.

Kwanza ujue unaenda wapi, maana kwenye ramani hutaona mtaa mmoja umeandikwa Jardins. Ni mkusanyiko wa mitaa minne: Jardim Paulista, Jardim América, Jardim Europa na Jardim Paulistano. Kichwani kwako igawe sehemu mbili tu inatosha: ya juu ni maghorofa, maduka, kahawa, watu wanatembeza mbwa. Ya chini ni majumba yenye kuta ndefu na miti, na mtu utakayemuona barabarani ni mlinzi. Zinatembelewa tofauti kabisa na ntakuja kwenye hilo.

Kabla sijasahau, saa. Wale wako nyuma yetu masaa 6, kwa hiyo saa ya ukutani ya São Paulo inasoma vile vile tunavyotaja saa sisi huku nyumbani. Mama akikwambia huku saa nne asubuhi, saa ya pale inaonyesha 4:00, yaani bado usiku mnene na wewe umelala. Ukishaijua hii huhitaji hesabu tena, unaangalia ukutani unajua nyumbani ni saa ngapi.

Siku ya kwenda. Jumatatu achana nayo, makumbusho mengi yamefungwa. Jumanne MASP, makumbusho ya sanaa ya pale Avenida Paulista, wanaingiza watu bure. Jumamosi ndio siku ya Jardins yenyewe, maduka yako wazi, watu wametoka, migahawa inapika feijoada, maharage meusi na nyama za nguruwe. Jumapili ni tofauti, Avenida Paulista inafungwa magari, barabara nzima inakuwa ya wapita njia, baiskeli, wapiga gitaa, wacheza densi, na mabasi ya jiji siku hiyo ni bure tangu Desemba 2023, ila huku chini kwenye maduka ya Oscar Freire kunakuwa kumelala. Ukiniuliza mimi, Jumamosi Jardins na Jumapili Paulista, usichanganye.

Sasa kanuni ya kwanza, na ukisahau zote kumbuka hii: anzia juu, shuka. Avenida Paulista imekaa juu kwenye mgongo wa kilima na Jardins yote inateremka kutoka hapo kuelekea mto Pinheiros, kwa hiyo mtu anayeanzia chini akapandisha na jua la Januari atachukia mtaa mzima bila kosa lake. Panda metro laini ya kijani ushuke Trianon-Masp. Ukitoka nje utaona jengo limesimama kwa miguu minne myekundu na chini yake ni uwazi mtupu, hiyo ndio MASP, kazi ya msanifu Lina Bo Bardi, ilifunguliwa 1968, na huo uwazi una mita 74 bila nguzo katikati. Ingia kama una muda, picha za mkusanyiko wao hawazitundiki ukutani, zimesimama kwenye vioo katikati ya ukumbi kama vile zinaelea, unaweza kuzunguka nyuma ukaona mgongo wa picha. Tiketi kata mtandaoni kabla, hata siku ya bure.

Halafu simama ukiwa umeipa mgongo MASP. Mbele yako ng'ambo ya barabara ni bustani ya Trianon, kipande cha msitu wa asili kilichobakia katikati ya maghorofa, na nyuma ya hiyo bustani ndio Jardins inaanza. Hii naisisitiza kwa sababu Rua Augusta inakatiza Paulista na ina pande mbili, upande wa kuelekea katikati ya mji ni mabaa na kelele za usiku, upande wa pili ndio wetu. Watu wanashuka upande siyo wanashangaa mbona ushua hawauoni. Pita ndani ya Trianon kwanza, kuna kivuli na baridi hata kama nje panachoma.

Kutoka hapo unashuka na utakuwa unakatiza barabara zilizolala sambamba na Paulista: Alameda Santos, Jaú, Itu, Franca, Lorena, halafu Oscar Freire. Majina ya hizo Alameda karibu zote ni ya miji ya jimbo hilohilo la São Paulo. Zinazoshuka ni Augusta, Haddock Lobo, Bela Cintra, Padre João Manuel na nyinginezo. Yaani ni gridi, huwezi kupotea huku juu, ukichoka panda tu na utaikuta Paulista. Angalia chini lakini, njia za miguu kila mwenye nyumba katengeneza ya kwake ili gari liingie gereji, kuna vingazi vya ghafla na vigae vimeinuliwa na mizizi ya miti. Wadada na visigino mtajuta.

Asubuhi kunywa chai kwenye padaria, sio hotelini. Padaria ni duka la mikate lakini kwa watu wa São Paulo ni zaidi ya hapo, unakula asubuhi, mchana, usiku, na nyingine hazifungi, Bella Paulista iliyoko Haddock Lobo kwa mfano iko wazi masaa 24. Ukiingia mlangoni nyingi wanakupa kikadi chenye namba, kinaitwa comanda. Kila unachoagiza kinaingizwa humo, ukimaliza unaenda kaunta kulipa, na ukitoka kuna mtu mlangoni anakipokea. Usikipoteze, kiweke mfukoni na sio mezani. Kaa kaunta kwenye viti virefu uangalie jamaa anavyofanya kazi: anachukua mkate mdogo anaupasua, anaupaka siagi bila uchoyo, anaulaza kifudifudi kwenye bati la moto na kuubana na chuma mpaka unalia chiiii na kingo zinakuwa rangi ya dhahabu. Hiyo ni pão na chapa. Agiza na pingado, maziwa moto yenye kahawa, kwenye glasi. Pembeni yako anaweza kukaa mwanasheria wa suti na fundi umeme, wote wanakula hichohicho, na kwa Jardins sehemu za namna hiyo ni chache kwa hiyo ifaidi.

Oscar Freire sasa. Hii ndio barabara ya maduka ya bei mbaya, mwaka 2006 walifukia nyaya zote za umeme chini na kupanua njia za miguu, ndio maana ukiitazama utahisi kuna kitu kimepungua na hujui nini, ni nyaya, maana São Paulo kwingine anga limejaa nyaya. Kuingia dukani ni bure na macho hayana pazia. Mlinzi mlangoni kavaa suti nyeusi, usimkwepe macho, msalimie "bom dia" kwa sauti ya kawaida kisha ingia. Muuzaji akija mwambie "só estou olhando, obrigado", dada anasema obrigada, yaani naangalia tu asante. Hawanuni. Maduka mengine watakuletea kahawa na maji wakati huna mpango wa kununua hata soksi. Mavazi usihangaike, wenye hela wenyewe pale wamevaa jinsi, fulana nyeusi na raba safi. Anayekuja amejipiga pamba za harusi ndiye mgeni.

Duka ambalo hata mwenye hela ya mawazo atatoka na kitu ni la Havaianas, zile ndala. Ni kazi ya msanifu Isay Weinfeld, lilifunguliwa 2009 na mbele liko wazi tu, unatoka barabarani unajikuta kama kwenye kibaraza halafu unashuka ngazi kwenda kwenye bidhaa, na mimea ndani. Ndala zimepangwa kwa rangi toka ukutani mpaka ukutani. Zawadi za ofisini na za wifi na shemeji zote zimalize hapo, nyepesi na hazivunjiki kwenye begi. Ila ujue namba za viatu za Brazil ni tofauti na za Ulaya, zinapungua kama namba mbili, kwa hiyo jaribu kwanza usitaje tu.

Kula mchana. Kuna migahawa ya majina makubwa kule, D.O.M. ya mpishi Alex Atala iko Rua Barão de Capanema, na Figueira Rubaiyat imejengwa kuzunguka mtini mmoja mkuubwa mno, matawi yamefunika meza. Kama mfuko unaruhusu sawa. Kama hauruhusu, tafuta por quilo. Unachukua sahani, unajipakulia mwenyewe, wanaipima kwenye mzani na kulipa kwa uzito. Kilo bei ni moja iwe majani iwe nyama choma, kwa hiyo mwenye akili hajazi viazi. Wafanyakazi wa maofisi na wa maduka ya kifahari wenyewe wanakula humo, utawaona foleni saa saba mchana.

Kwa wasiokula kitimoto hapa sikilizeni vizuri. Feijoada, ambayo ni chakula cha Jumatano na Jumamosi, ni maharage meusi yaliyopikwa na nyama za nguruwe za kila aina. Maharage ya kawaida nayo mara nyingi yana vipande, na farofa, ule unga wa muhogo uliokaangwa, nayo inatiwa. Sema "sem porco" na ukiona muhudumu anasitasita chukua samaki au mayai. Pastel ya jibini, kama sambusa hivi, na pão de queijo, vimkate vya jibini, mara nyingi ni salama kwa upande huo, ila uliza.

Kwenye migahawa ya kukaa, kabla ya kuagiza watakuletea mkate, zeituni, siagi, na wewe unafikiri ukarimu, hiyo ni couvert na inalipiwa, huitaki unasema "sem couvert, por favor" na hakuna anayekasirika. Kwenye bili utakuta asilimia 10 ya huduma imeshawekwa. Kisheria ni hiari ila watu karibu wote wanalipa, na ukishalipa hiyo huongezi kitu juu.

Kitu ambacho mi naona watu wanakiruka bure ni supamaketi ya Casa Santa Luzia, Alameda Lorena, ipo tangu 1926. Ndio, supamaketi. Nenda upande wa matunda. Utaona jabuticaba, matunda meusi kama zabibu yanayoota kwenye shina la mti lenyewe, utaona mastafeli na matopetope yamevikwa wavu mmojammoja kama mayai ya dhahabu kwa bei ya kuchekesha, na ukibahatisha msimu utaona mabibo. Mkorosho asili yake ni huko Brazil, Wareno ndio waliuleta pwani yetu, ila wao bibo wanalithamini, juisi yake inaitwa suco de caju na utaikuta kila mahali. Mtu wa Mtwara akiona bibo limewekwa kwenye kisahani na kibandiko cha bei atakaa chini. Kama unataka vya bei ya kawaida, uliza "feira livre" ya mtaani iko siku gani, ni gulio la asubuhi barabarani, unakula pastel inatoka kwenye mafuta na juisi ya miwa imekamuliwa hapohapo.

Nizungumze na hili kwa sababu wengi wanaoandika habari za Jardins hawaligusi. Kwenye sensa ya 2022 zaidi ya nusu ya Wabrazil walijitaja weusi au machotara, lakini ukikaa kwenye kahawa ya Oscar Freire na kuangalia nani amekaa na nani anahudumu utaona mstari. Wadada wa nguo nyeupe wanaosukuma watoto ni mayaya. Kwa hiyo ukiwa mweusi unaweza ukaona mlinzi anakufuata nyuma dukani au mtu anakuuliza unatafuta nini. Sio kila duka na sio kila siku, lakini lipo na ni bora ulijue kabla. Wengi wakisikia Kireno kibovu chenye lafudhi ya kigeni wanabadilika ghafla kuwa wakarimu, jambo ambalo nalo linakuudhi kivyake. Ubaguzi wa rangi ni jinai pale tangu sheria ya 1989, na tangu Januari 2023 hata kumtukana mtu kwa rangi yake ni kosa hilohilo la ubaguzi, polisi ni 190. Na ukiingia ghorofa lolote angalia pembeni ya mlango wa lifti, kuna kibao kinachosema ni marufuku kumbagua mtu kwa rangi, jinsia, asili au hali ya maisha katika kutumia lifti. Ni sheria ya jiji ya 1996. Majengo mengi yana lifti mbili, moja ya wakazi na moja ya huduma, na wafanyakazi walikuwa wanaelekezwa ya pili, mpaka ikabidi itungwe sheria. Kibao kimoja kidogo kinakueleza mtaa kuliko maduka yote niliyoyataja.

Simu. Huku juu wezi wakubwa ni vibaka wa baiskeli na pikipiki, anapita anachomoa mkononi na huyo kapotea. Usisimame ukingoni mwa barabara unaangalia ramani, ingia dukani au geuka uso ukutani, angalia njia, weka mfukoni, tembea. Ukiita Uber au 99, programu nyingine ya kuita gari, subiri ndani ya jengo mpaka gari lifike. Sio kwamba kunatisha, mchana watu wamejaa na walinzi wapo, ila mtaa wenye hela unavuta wezi wenye shabaha.

Ukishavuka Rua Estados Unidos umeingia sehemu ya chini. Kelele zinakatika kama mtu kazima redio. Hapo ni Jardim América, kampuni ya Waingereza iliyoitwa Cia City ndio iliupima, na msanifu Barry Parker alikuja kukaa São Paulo 1917 mpaka 1919 kuusimamia. Alitaka mtaa wa bustani, ndio maana barabara zimepinda na miti imefunika, na tangu 1986 mpangilio wake unalindwa kama urithi, huwezi kuja ukapandisha ghorofa. Barabara zina majina ya nchi za Amerika, Canadá, México, Venezuela, Bolívia, na ukiendelea chini unaingia Jardim Europa zinakuwa za Ulaya. Vizuri kusikia, lakini kwa sababu zimepinda hapa ndio utapotea, pakua ramani kwenye simu kabla.

Kuhusu kutembea huku, ukweli ni kwamba huoni nyumba. Unaona ukuta, nyaya za umeme juu ya ukuta, kamera, kibanda cha mlinzi. Dakika 20 zinatosha, chagua barabara moja au mbili zenye miti uende taratibu. Usipige picha mageti na usisimame sana mbele ya nyumba ya mtu, mlinzi atakuja kukuuliza. Ukitaka kuona ndani ya jumba la namna hiyo likoje nenda Casa Museu Ema Klabin, Rua Portugal. Ilikuwa nyumba ya mama tajiri mkusanyaji sanaa, vitu viko alivyoviacha, bustani ni ya Burle Marx, msanifu wa bustani. Angalia ratiba yao kwanza.

Njia rahisi ya kuteremka bila kuwaza ni kushikilia Rua Augusta tu. Yenyewe inabadilika jina inakuwa Rua Colômbia, halafu Avenida Europa, ni barabara ileile moja. Kwenye Avenida Europa kuna vioo vya magari ya kifahari, Ferrari na wenzake, vijana wanapiga selfi nje na hakuna anayewafukuza. Kuna nyumba za sanaa pia, Nara Roesler iko hapo, kuingia bure, ukikuta mlango umefungwa bonyeza kengele wanafungua, usiogope. Na barabara hiyohiyo kuna makumbusho mawili yamepakana, MIS ya picha na sauti, na MuBE ya sanamu. MuBE ndio kipenzi changu. Pale palitaka kujengwa duka kubwa, wakazi wakagoma, mwisho msanifu Paulo Mendes da Rocha akajenga makumbusho ambayo karibu yote iko chini ya ardhi, ilifunguliwa 1995, na juu kaweka boriti moja ya zege ya mita 60 imelala kwenye ncha mbili. Kaa chini ya hiyo boriti, kuna upepo, hakuna wa kukuuzia kitu.

Mambo madogo ya kubeba. Reali kidogo za taslimu kwa gulioni na kadi ya kugusa kwa kwingine kote. Utaona kila mtu analipa kwa Pix, kutuma hela kwa simu papo hapo, lakini inataka akaunti ya benki ya kule na namba ya mlipakodi, mgeni wa siku mbili isikusumbue. Soketi zao ni za tundu tatu za duara, chaja yetu ya pini tatu bapa haiingii, nunua adapta, na umeme wa São Paulo ni volti 127, simu itachaji fresh ila pasi uliyotoka nayo nyumbani itakuwa vuguvugu. Kati ya Desemba na Machi beba mwavuli, asubuhi jua kali halafu jioni mvua ya kufungulia bomba. Juni na Julai beba sweta kweli.

Ukiwa umemaliza MuBE kabla ya saa nane mchana na miguu bado inadai, chukua gari mpaka Parque do Ibirapuera, sio mbali. Ukipita Avenida Brigadeiro Luís Antônio utaona Hotel Unique ya msanifu Ruy Ohtake, jengo limekaa kama mashua, na juu kuna baa ambayo kinywaji kimoja kinakununulia mandhari ya jiji zima. Ndani ya bustani nenda Museu Afro Brasil, iliyoanzishwa na msanii Emanoel Araújo mwaka 2004, habari za Waafrika waliopelekwa Brazil, wakiwemo waliotolewa Msumbiji, na walichokijenga pale. Baada ya kutwa nzima Jardins itakuingia vizuri zaidi kuliko ungeanzia huko. Ondoka kabla ya saa kumi na moja jioni au subiri mpaka saa mbili usiku, katikati ya hapo foleni za São Paulo hazina huruma, na metro nayo mnabanwa, hasa pale Consolação unapobadili kwenda laini ya njano.